Wimbo Uliohama Nusu

Kila siku akitoka shule, Chiriku alifanya mambo matatu kwa mpangilio uleule: alivua sare, akaosha vyombo vya mchana, kisha akakaa kwenye meza ya jikoni na kufungua kompyuta ya Mama. Jina lake halisi lilikuwa kwenye rejesta ya darasa la sita. Nyumbani aliitwa Chiriku kwa sababu alianza kuongea mapema na tangu hapo hakuwahi kupumzika.

Kando ya kompyuta alifungua daftari la Babu. Lilikuwa bado linanuka gundi ya mbao, maana Babu alikuwa seremala mchana na mpiga gitaa jioni. Alifariki mwaka uliopita. Ndani ya daftari mlikuwa na nyimbo ishirini na mbili alizotunga mwenyewe. Maneno aliyaandika kwa wino wa buluu, na juu ya maneno akaweka kodi za gitaa kwa ile penseli yake nene ya kupimia mbao.

"Kodi ni nini, Babu?" Chiriku aliwahi kuuliza akiwa na miaka saba.

"Ni sauti tatu au nne zinazokaa pamoja bila kugombana," Babu alijibu. "Si kama wewe na binamu zako."

Babu alizipa kodi majina yake mwenyewe. Ile ambayo watu wengi huandika Am, yeye aliandika "A hz", yaani A ya huzuni. D7 aliiita "D saba". Akiwa na haraka, badala ya "hz" alichora tone la chozi tu. Chiriku aliyajua yote hayo. Alijifunza akiwa ameketi kwenye kigoda cha karakana, miguu ndani ya maranda, Babu akimpanga vidole kwenye nyuzi kimoja kimoja.

Sasa alikuwa na kazi ya kuziingiza nyimbo zote kwenye kompyuta. Baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, ukumbi wa mtaa ungefunguliwa upya baada ya matengenezo, na bendi ya zamani ya Babu ilikuwa imeombwa kupiga. Wa bendi hiyo waliobaki ni watatu: Fundi wa Saa, aliyepiga besi, Dereva, mstaafu wa mabasi, aliyepiga gitaa, na Bibi, mwimbaji.

Fundi wa Saa ndiye aliyeileta programu ya kitabu cha nyimbo. "Unauandika wimbo mara moja," alimweleza Chiriku. "Ukiwa juu mno kwa mwimbaji, unabonyeza hapa, Shusha, na kodi zote zinahama pamoja. Bibi yako zamani aliimba kwenye G. Siku hizi sauti yake imeteremka ghorofa kadhaa. Tutaushusha hadi D."

"Kumbe rahisi hivyo!"

"Rahisi, ila sikiliza. Programu si babu yako. Haijui 'hz' wala chozi. Andika Am, andika D7. Ukiandika kitu isichokijua, itaweka mstari mwekundu."

"Sawa, Mzee Fundi."

Nyimbo tatu za kwanza aliziandika vizuri. Ya nne ilikuwa ndefu, na nje wenzake walikuwa wanaruka kamba na kumwita. Chiriku akaanza kunakili daftari lilivyo, "hz" kwa "hz" na "saba" kwa "saba". Mistari myekundu ikatapakaa kwenye kioo. Akatafuta, akaona kitufe kilichoandikwa "Puuza zote". Akakibonyeza. Wekundu wote ukatoweka, akakimbilia kamba.

Kazi ya wiki mbili akaimaliza kwa siku nne. Kwa kila wimbo alibonyeza Shusha mara tano, kila mara hatua moja ndogo ya sauti. G ikawa D, C ikawa G. Kwa macho, ukurasa ulipendeza.

"Umezipiga kwenye gitaa kuhakikisha?" Mama aliuliza. Mama alikuwa muuguzi, na hakuamini dawa ambayo hajasoma lebo yake mara mbili.

"Ndiyo, Mama."

Gitaa la Babu lilikuwa limetundikwa ukutani nyuma yake, limejaa vumbi.

Alhamisi alasiri, siku mbili kabla ya ufunguzi, bendi ilikutana ukumbini kufanya mazoezi. Kuta zilikuwa bado zinanuka rangi. Bibi alikuja na miwani, chupa ya maji na kicheko.

"Shemeji, leo usitukimbize," alisema Fundi wa Saa akigawa karatasi.

"Nyinyi ndio mnaochelewa tangu ujana wenu," Bibi alijibu. "Haya, tuanze na dirisha."

Wimbo wa dirisha Babu aliutunga kabla ya kumwoa Bibi. Ulieleza jinsi alivyotengeneza dirisha linalotazama njia, ili amwone msichana fulani akipita kwenda kisimani. Bibi alikuwa hajauimba tangu Babu alipoanza kuugua.

Mstari wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili pia. Kwenye mstari wa tatu, muziki na sauti vikaachana kama watu wawili waliokosana njia panda. Bibi akasimama, akakohoa, akaanza tena. Palepale, ikawa vilevile. Besi na gitaa vilikubaliana kabisa, maana wote wawili walisoma karatasi moja. Aliyeonekana kukosea ni Bibi peke yake.

Walirudia mara nne. Dereva alitazama viatu vyake. Fundi wa Saa alijifanya anakaza uzi wa besi.

Bibi akavua miwani. "Basi, jamani. Msinionee haya. Sauti imeniaga. Jumamosi mtafuteni mwingine."

"Shemeji, labda ni uchovu..."

"Uchovu naujua. Huu siyo."

Chiriku aliokota karatasi iliyoanguka. Akasoma mstari wa tatu: D, kisha "A hz", kisha G, kisha "D saba". Akausoma tena. G na C zilikuwa zimehama. Lakini "A hz" na "D saba", alama ambazo bendi ilizizoea tangu enzi za Babu, zilikuwa zimebaki palepale Babu alipoziacha, kwa sababu programu haikuzijua. Wimbo ulikuwa umehama nusu. Nusu nyingine ilibaki nyumba ya zamani.

Alifungua mdomo. Akaona Mama amesimama mlangoni, amekuja kumchukua Bibi, na akakumbuka ile "Ndiyo, Mama" yake. Akafunga mdomo. Msichana ambaye hakuwahi kunyamaza alitembea hadi nyumbani bila neno.

Nyumbani, Bibi alikunja gauni alilokuwa amelinyoosha kwa ajili ya Jumamosi. Alilikunja polepole, mara mbili, akalirudisha chini kabisa ya sanduku, chini ya mablanketi.

"Bibi, hulivai?"

"La kazi gani, mama? Gauni hilo ni la kuimbia." Akatabasamu kidogo. "Babu yako alikuwa akisema siku sauti yangu itakapokwisha, atanunua redio. Ameondoka kabla ya kuinunua."

Chiriku alikwenda jikoni. Alifikiri: naweza kurekebisha kimyakimya, kisha niseme nimepata karatasi mpya. Hakuna atakayejua. Lakini Bibi angeendelea kuamini kwamba sauti yake ndiyo iliyokosea. Angeamini hivyo Jumamosi, na mwaka ujao, na siku zote.

Alishusha gitaa ukutani, akalifuta vumbi kwa upindo wa gauni lake, akarudi chumbani kwa Bibi.

"Bibi, siyo sauti yako. Ni mimi."

Alieleza yote: kamba, mistari myekundu, kitufe cha Puuza zote. Mama alikuwa amesimama nyuma yake, na Chiriku alijua, lakini hakusimama hadi alipofika mwisho. "Na nilikudanganya, Mama. Sikupiga hata wimbo mmoja."

Mama hakupiga kelele. "Nyimbo ngapi zina makosa?"

"Kumi na tisa."

"Na kesho ni sikukuu, hakuna shule. Utaanza asubuhi. Wimbo mmoja mmoja."

"Naweza kuiambia programu ibadilishe 'hz' zote kwa mpigo..."

"Hicho kidole chako kinapenda sana njia ya mkato," Mama alimkatiza. "Utaandika mwenyewe, utapiga mwenyewe, na mimi nitasikiliza nikipika."

Bibi alisogea karibu. Alinyoosha mkono kuelekea gitaa. "Nipigie huo mstari wa tatu. Unavyotakiwa."

Chiriku akapanga vidole: D, Em, G, A7. Vilikaa. Bibi alifumba macho na kuimba taratibu, sauti nzito na ya chini, na safari hii sauti na gitaa vilikwenda njia moja hadi mwisho wa mstari. Mama aligeuka kutazama dirisha. Babu ndiye aliyelitengeneza.

Ijumaa, tangu chai ya asubuhi hadi jua lilipoanza kupungua, Chiriku alifanya kazi. Alibonyeza Pandisha mara tano ili kila kodi irudi kwao, akazipa majina ambayo programu inayajua, akazishusha tena, kisha akapiga. Ncha za vidole zilimwuma. Alipokosea, sauti ya Mama ilitoka penye sufuria: "Hapo sijapasikia vizuri. Rudia." Jioni alipeleka karatasi mpya kwa Fundi wa Saa na kumweleza kosa lake mwenyewe, bila kusindikizwa.

Fundi wa Saa alivua kioo cha kukuzia alichokuwa amekibana jichoni. "Kumbe ni sisi tuliokuwa tunampoteza shemeji, tena kwa pamoja! Asante kwa kuja, Chiriku. Sasa na mimi naenda kumwomba radhi."

Jumamosi Bibi aliimba nyimbo saba. Alivaa gauni lake, lenye mikunjo miwili ambayo pasi haikuweza kuiondoa. Alipofika kwenye wimbo wa dirisha, watu wazima waliokuwa vijana katika ukumbi uleule waliimba naye kwa sauti za chini, maana sauti zao pia zilikuwa zimeteremka.

Baadaye, wakikunja viti, Bibi alimshika Chiriku begani.

"Uvivu wako ulinifanya nikosee mbele ya watu wawili, hilo dogo. Lakini ungenyamaza, ningezeeka siku ile ile kwa kosa lisilo langu. Kosa ukilificha, mjukuu wangu, halipotei. Linakwenda kukaa kwa mtu mwingine. Kazi uliyopewa ifanye yote, na ukikosea, sema mapema."

"Nimesikia, Bibi."

Usiku ule kabla ya kulala, Chiriku alifungua programu mara moja zaidi. Chini ya wimbo wa dirisha palikuwa na nafasi ndogo ya maelezo. Akaandika: "Am, ambayo Babu aliiita A ya huzuni." Programu, ikidhani ni kodi isiyoijua, ilichora mstari mwekundu chini ya "A ya huzuni". Chiriku akauacha.