Mikono ya Mwanamke wa Karatasi

Asubuhi ile sanamu ilikuwa imegeuza shingo.

Haikugeuka sana. Jana mchongaji aliiacha ikitazama mlango. Leo ilitazama kigoda chake. Akakishika kichwa kwa viganja viwili, akakirudisha taratibu, na karatasi mbichi ikatoa mlio mdogo kama wa vidole vinavyoalika vikivutwa.

"Imekauka upande mmoja," alijiambia. "Karatasi huvuta. Ndiyo tabia yake."

Mtaani walimwita Vumbi, kwa sababu miaka nenda miaka rudi alitoka kazini mweupe kuanzia nywele hadi viatu, kwa unga wa mawe. Unga huohuo ulimwingia kifuani. Daktari hakuzunguka: akiendelea na jiwe, pumzi itamwisha. Mbao nazo zina unga wake. Ndipo akaingia kwenye karatasi. Alikusanya mabaki, akayaloweka, akayatwanga kinuni mpaka yakawa rojo, akalimimina pipani na kufinyanga nalo. Kila mara kabla ya kulitumia alichovya vidole viwili, akalisugua rojo kati yake na kidole gumba, akitafuta donge. Jicho hudanganywa, alizoea kusema, kidole hakidanganywi.

Alitaka kitu kimoja tu: kujua kwamba bado ni mchongaji. Kipimo chake kilikuwa sanamu ya mwanamke aliyeketi, mikono juu ya magoti. Alikwisha kumfinyanga mara nne, na mara zote mikono ilimshinda. Vidole vilinyauka, vikajikunja, vikadondoka.

"Niliolewa na mchongaji," mkewe alimwambia huku ana pini mdomoni, maana alikuwa fundi cherehani na chumba chake kilikuwa ng'ambo ya ua. "Sasa naishi na mpika uji."

"Uji huu ndio utakaotulisha."

"Basi upikie kwenye chombo chako, mume wangu. Wa jana umegandia kwenye sufuria yangu."

Hakucheka. Siku hizo alikuwa hacheki.

Jioni shingo ilikuwa imegeuka tena. Akairudisha. Kesho yake ikageuka, na alipoirudisha, mkono wa kushoto ukakatika kwenye kifundo ukamwangukia mguuni, mwepesi kama ganda la yai. Aliuokota, akautazama, akaufinya mpaka ukawa si kitu. Jua lilikuwa linazama.

"Kama unajua kuliko mimi," alisema kwa meno yaliyofungana, "haya, jimalizie mwenyewe."

Mlio wa karatasi inayokauka, ambao hukoma na kuanza siku nzima, ulikoma. Ng'ambo ya ua cherehani nayo ikanyamaza.

"Unasema na nani?" mkewe aliuliza.

"Na karatasi."

"Saa hizi usiseme na kitu kisicho na masikio. Huenda kikayapata."

Asubuhi mwanamke alikuwa amekamilika.

Mikunjo ya nguo ilikaa kama kitambaa kilichotoka kunyeshewa. Midomo ilikuwa wazi kidogo, kama ya mtu anayetaka kukumbuka neno. Hasira ndiyo iliyomjia Vumbi kwanza, kabla ya hofu: ilikuwa kazi bora kuliko yoyote aliyowahi kufanya, na hakuifanya yeye. Ndipo akaona mikono. Ilifika kwenye vifundo ikaishia hapo, laini kama shingo za chupa. Na chumba kilinuka kisima kilichofunikwa muda mrefu.

Mchana huo mkewe alikuta mkasi wake sakafuni, umelowa rojo. Akaufuta, akaurudisha mezani. Alipogeuka, ukaanguka. Akauokota tena, na safari hii akasimama palepale akiuangalia, akauona ukiinuka upande mmoja na kuteleza, ukiinuka na kuteleza, kama unaoshikwa kwa vigutu na mtu asiyejua bado kushika lakini asiyekata tamaa ya kujifunza, mpaka ukafika ukingoni mwa meza na kuanguka karibu na vidole vya miguu yake.

Hakupiga kelele. Alivuka ua, akamshika mumewe shati. "Nakwenda kumleta mganga," alinong'ona. "Na wewe usibaki humu."

Mganga alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini kama ya anayefundisha watoto wadogo. Hakuingia. Alinusa mlangoni, akatazama.

"Mwili anao," alisema. "Sura anayo. Anatafuta mikono. Nani aliyemkaribisha?"

Vumbi alitazama chini.

"Basi wewe ndiye utakayemtoa. Mrudishe pipani alikotoka. Umkoroge kwa mwiko mpaka asibaki donge, kisha maji yote uyamwage shimoni. Mkono wako usiguse yale maji."

"Nimesikia."

"Umesikia au umeelewa?"

"Nimeelewa, mama."

Vumbi alimsukuma mwanamke wa karatasi kwa mti hadi akaangukia pipani, kisha akaanza kukoroga, na mgongo ukafunguka, na magoti yakafunguka, na ile mikunjo ambayo yeye asingeweza kuifinyanga hata angepewa maisha mengine ikalegea ikawa uji, na uso ukabaki juu ya maji ukimtazama, ukizunguka na mwiko, ukizunguka, midomo ikijaza maji na kuyatema kama mtoto anayejifunza kuogelea, na Vumbi akalia kwa uchungu wa fundi, akakoroga huku analia, mpaka uso nao ukaachia, na mwiko ukapita bila kukwama popote. Harufu ikakatika.

"Limelainika?" mganga aliuliza kutoka mlangoni.

Ni swali alilojiuliza kila siku ya kazi. Alichovya vidole viwili, akasugua na kidole gumba.

"Hakuna donge," alijibu.

Kisha akautazama mkono wake. Rojo lilimtiririka hadi kwenye kiwiko. Mganga aliokota kikapu chake.

"Lakini si ametoka?" mke aliuliza kwa sauti ndogo.

"Pipani ametoka," alisema mganga.

Maji yalimwagwa shimoni. Tangu hapo hakuna kazi ya Vumbi iliyopinda ilipokauka. Shingo hukaa zilipowekwa. Mikono hutoka mizima, na kucha zake, na mistari ya viganja. Watu huja kutazama, humpongeza, humwita bingwa.

Leo asubuhi mkewe alileta kigoda, akakaa mbele yake.

"Nifanyie moja mbaya," alisema. "Yenye shingo ya upande, kama zile za zamani. Nifurahi tu."

Alijaribu. Aliipinda shingo, mikono yake mwenyewe ikainyoosha. Aliitoboa, mikono ikaziba. Aliikunja sanamu nzima, na kabla hajavuta pumzi mikono ilikuwa imeikunjua na kuipa tabasamu. Mchana ulipofika aliichomoa mikono yake kwa nguvu kutoka mezani, akaikalia.

"Nimechoka, mke wangu," alinong'ona.

Chini ya mapaja yake vidole vikaanza kualika, kimoja baada ya kingine, kama vya mtu anayejiandaa kwa kazi.