Barua Iliyopokewa kwa Koleo

Mwezi wa nne wa mwaka ule wa korona, lastiki ilikuwa adimu Korogwe kushinda sukari. Kila nyumba ilikuwa inashona barakoa, na barakoa bila lastiki ya kuvutia masikioni ni kitambaa tu cha kufutia jasho. Ndiyo maana siku ile sokoni Manundu, Mwaija alipoliona bunda la mwisho kwenye meza ya muuza vifungo, alilishika kwa mkono mmoja huku mwingine ukipekua pochi. Kumbe na mtu mwingine keshalishika upande wa pili.

"Dada, hilo nimeshalipatana."

"Umelipatana, umelilipia?"

"Ndiyo natoa hela."

"Basi endelea kutoa, kaka. Mimi nimeshatoa."

Alikuwa kijana mrefu, shati la drafti limenyooshwa kwa pasi mpaka mikono ina makali, futi ya kupimia inaning'inia shingoni. Uso wote ulikuwa nyuma ya barakoa ya kitenge cha njano, yamebaki macho, na macho yenyewe yalikuwa yanacheka. Akamtazama Mwaija kuanzia mtandio wa zambarau mpaka viatu vyake vya kazini.

"Nyumbani mko wangapi?"

"Sita."

"Watu sita, mita tatu zinawatosha na chenji inabaki. Bunda hili lina mita hamsini. Hizo nyingine utawavalisha kuku?"

Muuza vifungo akaangua kicheko. Mwaija alitaka kununa, akashindwa. Wakagawana. Kijana akampimia mita nne, ya nne akasema ni ya kuomba radhi, kisha akaomba namba ya simu ili amtumie vipimo vya kukatia. Jamani, vipimo! Mwaija ni mwalimu wa hesabu, mraba wa kitambaa ungemshinda? Lakini namba akaitoa, tena akairudia mara mbili asije akaikosea.

Jina lake lilikuwa Mdoe, fundi cherehani wa Mkata, wilaya ya Handeni, kibanda chake karibu na yanaposimama mabasi.

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Mwaija alishinda nyumbani, na nyumba yao mwaka ule ilikuwa na sheria kuliko bweni la wasichana. Baba yake, Mzee Hiza, alikuwa bwana afya mstaafu. Mlangoni aliweka ndoo ya maji yenye koki, na hakuna aliyepita bila kunawa, hata kama alitoka tu kuanika nguo. Kila mtu alikuwa na kikombe chake chenye jina. Jioni familia nzima ilijifukiza kwa majani ya mchaichai na malimau, mmoja mmoja chini ya blanketi, mdogo wake Mustapha akilalamika kwamba anapikwa akiwa hai. Na kitu chochote kilichotoka nje, iwe pakiti ya chumvi au daftari, kililala juani siku tatu juu ya bati la banda la kuku kabla ya kuguswa.

Majirani walimcheka. Lakini chumba cha ndani alilala Bibi, mama yake Mzee Hiza, mgonjwa wa pumu wa miaka mingi, na mzee hakuwa na mchezo na pumzi za mama yake.

Simu za Mdoe ziliingia alasiri, Mwaija akiwa nyuma ya nyumba na vyombo.

"Unafanya nini, mwalimu wangu?"

"Nachemsha vikombe sita."

"Na mimi changu?"

"Wewe si wa nyumba hii."

"Sema bado."

"Ehee!"

"Sema bado, Mwaija, roho yangu itulie nimalize suruali ya watu."

"Haya. Bado."

Basi siku hiyo alichemsha vikombe mpaka maji yakakauka sufuriani. Ramadhani ikapita hivyo, wakiamshana kwa simu kula daku. Siku moja Mdoe alikuja Korogwe kununua vitenge, wakakutana tena sokoni, akateremsha barakoa. Mwaija akaona kwa mara ya kwanza mwanya wa meno ya mbele. Alirudi nyumbani akasahau alichotumwa. Alishapenda, tena si kidogo.

Wiki ya pili baada ya Idi, barua ya posa ikaja.

Mshenga alikuwa Mzee Sadala, baba mdogo wa Mdoe, ambaye ndiye aliyemlea tangu baba yake afariki. Alipanda basi alfajiri, kanzu nyeupe, kofia ya kudarizi, bahasha imefungwa ndani ya leso mpya. Sasa jueni kwamba Mkata wakati ule watu walishaanza kusahau. Misikitini wanabanana, sokoni wanapeana mikono kama zamani. Mzee Sadala akaingia uani kwa Mzee Hiza na mkono mbele.

Mkono ukabaki hewani.

"Nawa kwanza, mzee mwenzangu," alisema Mzee Hiza, amerudi nyuma hatua tatu. Mgeni akanawa. Akanyoosha mkono tena. Mwenyeji akaweka wa kwake kifuani na kumwonyesha kigoda, palepale uani, mbali na mlango. Chai ikaja kwenye kikombe ambacho kilichovywa kwenye maji ya dawa mbele ya macho yake. Mwaija alikuwa dirishani jikoni, amejifunika kanga mpaka mdomoni, anaomba Mungu yaishie hapo.

Hayakuishia. Mzee Sadala alipofungua leso na kuitoa barua kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, Mzee Hiza alikwenda jikoni akachukua koleo la mkaa, akaibana ile bahasha kwa ncha, akaipeleka kwenye bati la banda la kuku na kuiwekea jiwe.

"Tutawajibu inshallah," akasema, kwa moyo mweupe kabisa.

Mzee Sadala hakumaliza chai.

Jioni ile simu ya Mdoe haikupatikana. Kesho yake haikupatikana. Jumatatu Mzee Hiza akaishusha barua, akavaa miwani, akaisoma mara mbili, akamwambia mkewe kijana ana mwandiko mzuri na ukoo unaonekana wa watu. Akatoa karatasi aanze kuandika jibu la kukubali, bila haraka, maana jibu la posa halikimbizwi. Mzee wa watu hakujua kabisa alichokifanya! Mwaija alimsikia anaguna kwa furaha sebuleni, akazidi kuumia.

Jumatano Mdoe akapokea.

"Mdoe, nimepiga mpaka kidole kimekufa ganzi. Umzima?"

"Mzima." Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Barua yetu mmeishika kama panya aliyeoza, Mwaija."

"Baba hakuwa na nia mbaya. Kila kitu anafanya hivyo, hata chumvi..."

"Chumvi! Baba mdogo amelia. Mtu wa miaka sitini amekaa kitandani analia, anasema amefukuzwa kama mbwa. Mngesema tu kwamba fundi cherehani wa Mkata hamfai mwalimu."

"Hivyo ndivyo unavyonijua mimi?"

"Sijui tena ninachokijua. Jumapili anapeleka barua Makuyuni, kwa binti wa rafiki yake. Na mimi siwezi kumkatalia, si baada ya aibu ile."

"Basi nenda Makuyuni!" alisema Mwaija, akakata simu bila kutaja jibu la baba yake, maana jibu la posa si la binti kulitoa, kisha akakaa kwenye rundo la kuni na kulia mpaka kanga ikalowa.

Siku mbili alijiuliza afanye nini. Mambo haya binti hamwambii baba yake. Humwambia bibi au shangazi, nao wakayafikisha kwa mafumbo. Lakini shangazi alikuwa Lushoto, haruhusiwi kuja, na Bibi alifungiwa chumbani. Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, alikwenda mwenyewe sebuleni, akapiga magoti kwenye mkeka.

"Baba, nisamehe kwa ninachosema. Jumapili Mdoe anaposewa mwanamke mwingine. Mzee Sadala ameona tumemkataa. Hukumpa mkono, hukumkaribisha ndani, barua umeipokea kwa koleo."

"Nani kamkataa? Jibu si hili hapa naandika!"

"Yeye hajui, baba. Miezi mitatu tumemlinda Bibi, na vikombe vyote nimechemsha mimi, sijalalamika. Lakini nampenda yule kijana. Nampenda, baba. Nikimkosa kwa kosa lake, nitavumilia. Kwa hili siwezi."

Mama yake akatoka jikoni na mwiko mkononi. Mlango wa ndani ukafunguka, Bibi akasimama ameshika ukuta.

"Hiza," alisema, akivuta pumzi katikati ya maneno, "mimi sikukuomba unilinde kwa kumharibia mjukuu wangu. Piga simu."

Mzee Hiza akaweka kalamu chini. Kisha akatafuta namba chini ya barua. Simu haigusi sikio katika nyumba ile, hivyo aliiweka spika, mezani.

"Assalamu alaikum. Ni Hiza, wa Korogwe."

"Waalaikumu salaam," sauti ikajibu. "Hiza wa koleo?"

"Huyohuyo. Mzee mwenzangu, sikuikataa barua yako. Ndani nina mama, ana pumu. Mwaka juzi nilimbeba mgongoni kumpeleka hospitali nikidhani nabeba maiti. Kazi ya afya nimefanya miaka thelathini, na ugonjwa huu siujui. Naogopa. Niliona haya kukwambia, mtu mzima, bwana afya, kwamba naogopa."

Mwaija alisikia jogoo akiwika huko Mkata.

"Kumbe una mama?" Sauti ya Mzee Sadala ilikuwa imeshuka.

"Ninaye."

"Wangu nimemzika mwezi wa pili." Akakohoa kidogo. "Ah, Hiza, mbona hukusema? Ungeniambia kuna mama ndani, ningesimama barabarani, barua nikakurushia!"

Bibi akacheka mpaka ikabidi aketishwe.

"Na kijana?" aliuliza Mzee Hiza.

"Huyu hapa. Kanuna wiki nzima, suruali za watu anazikata mguu mmoja mfupi. Mchukue."

Pakasikika purukushani. "Shikamoo, baba," alisema Mdoe, anahema. "Naomba niseme na Mwaija. Neno moja tu."

Mzee Hiza akamtazama binti yake, akasukuma simu mpaka ukingo wa meza. Lakini hakuondoka. Hakuna aliyeondoka.

"Mwaija."

"Abee."

"Nilikutamkia maneno ya hovyo. Nisamehe."

"Yaliniuma, Mdoe."

"Najua. Na kingine. Barua iliandikwa kwa baba, wewe hakuna aliyekuuliza. Mimi nakuuliza. Unakubali nikuoe?"

Mwiko wa mama ulikuwa unadondosha mchuzi sakafuni. Mustapha na mdogo wake Maryamu walibanana mlangoni. Mwaija alijua vizuri kwamba msichana aliyelelewa, akiulizwa hivyo mbele ya wazee, huinamisha kichwa akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo kukubali. Lakini wiki ile alikuwa ameona jinsi watu wawili wazima walivyonyamaziana, na nusura wamkoseshe mume.

Akainua uso.

"Ndiyo," alisema, kwa sauti ileile ya darasani. "Nimekubali, Mdoe. Na Jumapili Makuyuni asiende mtu."