Stoo Iliyopokea Simu

Shoga yangu ni fundi wa redio, na si mtu wa porojo. Alikuwa anamtengenezea mama mkwe wake kengele, ili akianguka chumbani abonyeze kitufe na simu iite kwa mwanawe. Ndani yake aliweka moduli ya simu, kibao kidogo kama kiberiti, chenye laini, maiki na spika.

Jioni moja akakijaribu. Alikiacha stoo, chumba kisicho na dirisha, akafunga kwa kufuli, akasimama uani na mumewe. Akapiga. Kikapokea chenyewe.

"Haya, sasa hata stoo yetu ina namba," mumewe akatania.

Simu ilikuwa kwenye sauti kubwa. Kimya cha mle ndani kilisikika kizito. Shoga yangu akahesabu ili kupima sauti: "Moja, mbili, tatu."

"Nne," sauti ikajibu taratibu, karibu kabisa na maiki.

Wakatazamana.

"Ni wewe?" shoga yangu akamuuliza mumewe.

"Mimi? Midomo yangu si unaiona!"

Alimwachia mumewe simu, akafungua kufuli, akaingia na tochi. Magunia, ndoo, makopo ya rangi. Hakuna mtu. Kibao kilikuwa mezani, kitaa chake kikipepesa. Akachomoa betri, kitaa kikazimika. Akatoa na laini kabisa, akashusha pumzi.

"Mke wangu," mumewe akaita kutoka uani. "Umeshazima?"

"Nimezima."

"Mbona bado inahesabu? Imefika tisa."