Moshi Kidogo Kwenye Kope

Jumamosi ile maduka ya chini ya ardhi pale Banwoldang, mjini Daegu, yalikuwa yamefurika watu. Dan-bi alikuwa ameinama mbele ya kioo cha duka la vipodozi, akijaribu rangi nyeusi kwenye jicho lake la kushoto. Kope ya jicho hilo ilikuwa imelegea tangu maradhi ya neva yalipompiga upande mmoja wa uso, miaka miwili nyuma.

"Dada, hiyo nyeusi inakuzeesha," alisema muuzaji, kijana mrefu aliyevaa aproni ya waridi iliyombana mabegani. "Wewe unataka moshi, siyo masizi."

Dan-bi alitaka kuudhika, akajikuta anacheka. Kijana aliitwa Gyu-won.

Jumapili ya tatu baada ya hapo, Gyu-won alikuwa ameketi sakafuni nyumbani kwa Dan-bi, kioo kikiwa juu ya meza fupi, kando ya sahani ya mandu, vile vifuko vya unga vyenye nyama ndani. Alimfundisha polepole: kahawia hafifu kope nzima, iliyokolea kwenye kona ya nje tu, kisha wanja karibu kabisa na nywele za kope, na kuusugua kwa brashi mpaka mstari upotee kama moshi. Upande uliolegea alipandisha rangi kidogo ili macho yalingane.

"Usipumue," alimwambia.

"Nitakufa."

"Utakufa mrembo, mpenzi."

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Tangu siku hiyo Gyu-won alimpigia simu kila mchana kwenye maktaba alikofanya kazi Dan-bi, akitaka kujua amekula nini.

Mwezi Mei, mwenzake wa kazini alimwonyesha Dan-bi video. Ilianza na uso wa Dan-bi uliooshwa, kope imelegea, ikaishia na macho ya moshi. Chini yake Gyu-won alikuwa ameandika: "Hata jicho kama hili linatengenezeka." Maelfu walikuwa wameitazama. Wengi walisifu mikono yake. Mmoja aliuliza kama huyo dada ana mtu wa kumpenda.

Dan-bi akampigia. Gyu-won alikuwa na furaha tele. Kampuni moja ya Seoul ilikuwa imeiona video na kumwita kazini.

"Uliniambia unanirekodi nijifunze," alisema Dan-bi.

"Nilidhani utafurahi. Umependeza sana pale."

"Pale mwishoni. Na mwanzoni je?"

Dan-bi akakata simu.

Gyu-won alihamia Seoul. Miezi mitatu alipiga simu bila kujibiwa, hadi Agosti alipoandika kwamba Jumamosi angemsubiri kwenye mkahawa wa stesheni ya Dongdaegu, aje asije.

Asubuhi hiyo Dan-bi alikaa mbele ya kioo peke yake. Jicho la kulia lilikubali upesi. La kushoto alilifuta mara tatu kwa pamba, mpaka rangi ikatulia laini. Akavaa gauni lake la kitani la buluu, akaenda.

Gyu-won alikuwa amekonda. Aliinamisha kichwa akaomba radhi kwa muda mrefu. Alisema aliifuta video siku ileile, ila wengine walikuwa wameshainakili. Dan-bi alimwamini. Kisha Gyu-won akaweka pete mezani, akainua macho kumtazama, na kidole gumba chake kikaenda chenyewe kwenye kope ya kushoto.

"Hapa umezidisha kidogo," alisema kwa upole.

Dan-bi alimshika kifundo cha mkono, akaurudisha mezani.

"Nakupenda, Gyu-won. Lakini nikikubali, nitakaa maisha yangu yote nikisubiri unirekebishe."

Gyu-won alijaribu kueleza, akalia, akasema ni mazoea tu ya kazi. Huenda ilikuwa kweli. Alipanda treni ya saa kumi na pete yake mfukoni.

Aprili iliyofuata Dan-bi alisikia kwamba Gyu-won ameoa. Alikuwa anapanga vitabu. Akaendelea hadi rafu ile ikajaa. Kisha akaingia msalani akalia kidogo, haraka, maana watu walikuwa wamepanga foleni kwenye kaunta ya maktaba wakimsubiri.