Vidonge vya Restuta

Asubuhi ile Restuta na wifi yake, Speciose, walikuwa wanamenya ndizi nje ya jiko, nyumbani kwao Ihembe. Waliishi wawili tu tangu mume wa Restuta, aliyekuwa kaka yake Speciose, alipofariki. Walilima pamoja na kula pamoja.

"Wifi, leo kichwa kinanigonga," alisema Speciose.

"Hiyo ni presha. Hata mimi ilinianza hivyohivyo. Ngoja."

Restuta alitoka ndani na vidonge vyake vya presha. Vilikuwa bado vingi, maana alivimeza siku za kuumwa kichwa tu. Speciose akameza viwili, akaenda kukata majani ya migomba.

Baadaye Restuta alisikia kishindo. Alimkuta wifi yake chini, jasho jembamba likimtoka, macho yamelegea.

"Jamani! Nimemuua wifi yangu!"

Jirani yao Benitha, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuja mbio. Alimlaza Speciose vizuri, akamwinua miguu, akatafuta gari. Kwenye kituo cha afya wauguzi walikuta presha yake imeshuka sana. Wakamtibu, na jioni akaweza kuongea.

Restuta alikuwa kwenye benchi, analia. Benitha akakaa karibu naye.

"Mama, hukumpa kwa ubaya. Lakini dawa ya mtu ni yake peke yake. Presha ya Mama Speciose haikuwa juu. Dawa yako ndiyo imeishusha."

"Mbona kichwa kilimuuma?"

"Kichwa kinauma kwa mambo mengi. Na presha inaweza kupanda huku unajiona mzima kabisa. Huwezi kujua mpaka upimwe. Kwani wewe unamezaje dawa?"

"Nikiumwa."

"Hawakukuambia ni kila siku?"

Restuta aliinama. "Labda waliniambia. Daktari aliongea harakaharaka. Nikaona haya, nikawa naitikia tu, ndiyo, ndiyo."

"Usione haya, Mama. Sema hujaelewa. Akirudia, na wewe mweleze kwa maneno yako, ajue kama umeshika."

Restuta naye akapimwa. Presha ilikuwa juu. Daktari alipoanza kueleza, Restuta alimkatiza.

"Mwanangu, hapo sijaelewa. Niambie tena, polepole."

Daktari akarudia kwa Kinyambo, lugha ya kwao. Restuta naye akamweleza kwa maneno yake: "Kimoja kila asubuhi, hata nikijisikia mzima. Nisiache bila kukuuliza. Chumvi nipunguze. Na nisimgawie mtu."

"Hivyohivyo, Mama."

Speciose alipochunguzwa, ilionekana macho yake ndiyo yaliyoleta maumivu. Alipata miwani. Sasa anasuka mikeka bila kuumwa kichwa, na kuku wa jirani akigusa mbegu alizoanika anamwona kutoka mbali. Presha ya Restuta nayo imetulia.

Juzi Kemirembe, rafiki yao, alikuja ameshika kichwa.

"Restuta, nasikia kizunguzungu. Nigawie vile vidonge vyako."

"Vidonge sikupi," alisema Restuta, huku akichukua kanga yake. "Nakusindikiza. Twende ukapimwe."

Wakatoka, wameshikana mikono.