Sindano ya Santuri ya Baba

"Aa, dada! Mguu huo nautumia!"

Mshonaji aligeuka kwa aibu. Alikuwa anapita kwenye ujia wa maduka ya redio, macho juu kwenye mabango, kifuani amekumbatia mashine ya santuri iliyofungwa shuka. Kila duka lilikuwa limefungulia wimbo wake, na watu walikuwa wanasukumana.

"Nisamehe, kaka. Namtafuta fundi mmoja wanamwita Sikio."

"Umeshamkanyaga."

Walicheka wote wawili. Fundi alikuwa mrefu, shati limekunjwa mikono, bisibisi mfukoni. Mshonaji alivaa gauni la bluu alilolishona mwenyewe, na mtu aliyelivaa alilitendea haki. Fundi alimpokea mzigo bila kuombwa.

Dukani aliifungua mashine, akaushika mkono wake wa chuma na kuutazama ncha. Pale palikuwa na kidude kisichozidi punje ya hindi, ndicho kinachobeba sindano.

"Mashine ni nzima. Kichwa cha sindano ndicho kimekufa."

"Basi nipe kingine, kizuri kabisa."

"Siuzi kichwa kabla sijakaa sebuleni kwa mtu nikasikiliza."

"Ukae sebuleni kwetu!" Mshonaji alishika kiuno. "Kaka, nimetongozwa kwa namna nyingi, lakini hii ni mpya."

Masikini, fundi alikuwa anasema kweli. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi miaka yote, hata kwa wazee wenye vipara. Ila siku hiyo, mimi nisimfiche, alilisema kwa moyo zaidi.

Mshonaji alipoona hatanii, alimweleza yote. Marehemu baba yake alikuwa mwimbaji wa bendi, na santuri moja tu ndiyo iliyobaki. Mama yake masikio yanazimika. Daktari alisema ni suala la miezi. Mama aliomba kitu kimoja tu, amsikie mumewe kabla ya kimya.

"Nipe namba yako," alisema fundi kwa upole. "Rudi na mashine nyumbani, Jumapili nitakuja."

Wiki ile simu hazikukatika. Ya kwanza ilikuwa ya kazi.

"Zunguka nyuma ya amplifaya, unisomee maandishi."

"Yamefutika. Naona vumbi tu na buibui."

"Buibui msalimie."

Ya pili ilianza na spika ikaishia kwenye utoto wao. Kufika ya tano, hakuna aliyetaja mashine.

"Umekula, fundi wangu?"

"Sijala. Nilikuwa nasubiri uniulize."

Ijumaa mchana mshonaji aliamua kumshtukiza. Alivaa gauni jekundu lililombana kiunoni, akajipaka manukato, akaingia dukani. Ndani ya kabati la kioo alikiona kichwa chenye rangi ya dhahabu.

"Nataka hiki. Akiba yangu inatosha."

Fundi alimtazama yeye na lile gauni, na maneno yote yakamkimbia. "Hicho hapana," alisema, na kabati hakulifungua.

"Hapana kwa nini?"

"Hakiwafai nyinyi."

Kabla hajaongeza neno, aliingia bwana mmoja mwenye suti, akanyoosha kidole kwenye kichwa kilekile. Fundi alimfungulia kabati na kumfungia vizuri kwenye boksi. Mshonaji aliona yote.

"Kumbe sisi ndio hatufai," alisema, na kutoka. Fundi alimkimbilia hadi mlangoni, lakini ujia ulikuwa umeshammeza.

Hasira hasara. Mshonaji aliingia duka la jirani, akanunua kichwa cha dhahabu pacha wa kile. Muuzaji alimfuata hadi nyumbani, akakifunga, akaondoka bila hata kukaa.

Jumamosi asubuhi mama alivaa gauni lake la kutokea. Alivuta kiti karibu na spika, akaegemeza sikio. Santuri ikazunguka. Mshonaji alizungusha kitufe cha sauti hadi mwisho, na bado baba alisikika kwa mbali, kama anaimba nyumba ya tatu.

"Umeshawasha?" aliuliza mama.

"Nimewasha, mama."

Mama alitikisa kichwa taratibu. "Basi, mwanangu. Masikio yameshakwisha. Zima, usiichoshe santuri bure."

Alikwenda kubadilisha gauni. Mshonaji alikaa sakafuni akalia. Simu yake ilionyesha fundi amepiga mara kumi na moja. Alikimeza kiburi chake, na kichungu kilikuwa, akampigia.

"Usikate," alisema fundi haraka. "Kile cha dhahabu sauti yake ni ndogo sana, kinataka kikuza sauti kingine cha pembeni, cha kukisaidia kabla ya amplifaya. Yule bwana anacho, nilishakaa sebuleni kwake. Amplifaya yenu ni ya zamani, humo kingenong'ona tu. Nilitakiwa kukwambia palepale."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Lile gauni, mpenzi."

Mshonaji alicheka huku machozi yanamtoka. "Nimekinunua kwingine. Mama anadhani amekuwa kiziwi. Njoo."

Jumapili fundi alifika mchana, shati jeupe limenyooka.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, baba. Sema na uso wangu, nakusoma midomo."

Alikaa sebuleni kama alivyoahidi. Alipiga makofi mara mbili akasikiliza kona za chumba, akasogeza spika moja kutoka nyuma ya pazia. Kisha alifunga kichwa cheusi cha kawaida, chenye sauti nene. Kwa mizani ndogo alipima uzito wa sindano. Ikilemea huchuna santuri, ikiwa nyepesi huruka. Mshonaji alimshikia taa. Mikono yao iligusana na hakuna aliyeondoa wake.

Gitaa likaingia, ngoma ikafuata. Kisha baba.

Mama alishika ukingo wa kiti. "Amechelewa!" alipiga kelele. "Kila wimbo aliingia nyuma ya ngoma, nami nilimwambia! Nilimwambia!" Alicheka, akalia, akaomba irudiwe. Ilirudiwa mara nne.

Wakati mama amefumba macho, fundi alimnong'oneza mshonaji. Alipomaliza, mama alikuwa ameshayafumbua.

"Anasemaje?"

"Nasema sindano inatakiwa kukaguliwa, mama," alijibu fundi huku jasho linamtoka.

"Sisikii!"

Fundi alisimama. Mtu ambaye Ijumaa hakuweza kusema sentensi mbili sasa alivuta pumzi, akapaza sauti hadi madirisha ya jirani yakafunguka.

"NASEMA NATAKA KUMUOA BINTI YAKO!"

Mshonaji aliuficha uso, kisha akaufunua. "Nami nimekubali!" alijibu kwa sauti ileile.

Mama aliwashika mikono wote wawili.

"Mara ya kwanza nilikusoma midomoni, baba," alisema. "Nilitaka niisikie posa yako. Sijui kama masikio haya yatanifikisha arusini."

Santuri ilikuwa imefika mwisho. Fundi aliinama akairudisha mwanzo.