Ameachiliwa kwa Dhamana

Maiti ya Kiptanui ililala kifudifudi kati ya mistari ya michai huko Boito, ikiwa na jeraha moja la panga kisogoni.

Inspekta Metrine alimjua vizuri. Ndiye aliyemtia mbaroni kwa mauaji ya msichana Fancy, na juzi tu Mahakama Kuu kule Kericho ilikuwa imempa dhamana.

Ulikuwa msimu wa kupogoa chai. Metrine alimwomba kila jirani alete panga lake. Yote yalikuwa meusi kwa utomvu, ule usiotoka mpaka usugue kwa jivu. Moja tu liling'aa kama kijiko cha wageni. Lilikuwa la Chepkorir, mama yake Fancy.

"Umepogoa leo, Mama Fancy?"

"Nimepogoa, afande."

"Na panga mbona safi?"

"Nimeosha."

"Watu huosha kazi ikiisha. Wewe hata nusu ya shamba hujafika."

Metrine alilitia panga kwenye mfuko wa ushahidi.

"Nitalipeleka maabara. Damu huingia mpaka kwa mpini."

"Usisumbue watu wa maabara. Ni mimi."

Chepkorir alijifuta mikono kwa leso.

"Nilikuwa kortini. Jaji akasoma kwa Kizungu, karani akatuambia mshitakiwa ameachiliwa. Nikatoka hapo hapo, watu wasione nikilia. Leo asubuhi amepita kwa shamba langu, akanisalimia. Akanisalimia, afande."

Metrine aliteremsha daftari lake.

"Karani alisema ameachiliwa kwa dhamana, mama."

"Si ni kitu moja?"

"Hapana. Dhamana ni kungojea kesi ukiwa nje. Kesi yenyewe ilikuwa bado kusikizwa. Mashahidi wapo, na damu ya Fancy ilipatikana kwa koti yake. Hangeponyoka."

Masikini mama wa watu. Neno lenyewe lilikuwa dogo, na hakuna aliyemkalisha chini akamfafanulia, hata Metrine mwenyewe. Jambo hilo lilimuuma kuliko ile maiti.

Chepkorir alimgeukia.

"Basi jaji ataendelea na hiyo ya Fancy?"

"Aliyekufa hashitakiwi. Itafungwa. Itakayosikizwa sasa ni yako."

"Kwa hivyo hakuna jaji atasema ni yeye alimuua?"

"Hakuna, mama. Kisheria, amekufa bila hatia."

Chepkorir aliketi pale pale matopeni, na Metrine hakuwa na haraka ya kumwinua.